Msimu wa Mguu wa Kushoto

Jumapili, 2 Machi

Daftari hili nililinunua kwa vipimo vya viti, na kurasa za mbele bado zina vipimo vya viti: upana, kina, urefu wa mgongo, uzi rangi gani. Leo nimeligeuza nikaanzia nyuma, kwa sababu kuna mambo ambayo mama akiyaweka kichwani tu atayatia chumvi, na mimi kwa chumvi najijua.

Basi liandikwe bila chumvi. Leo mwanangu ameupanda mlima kwa dakika mbili na sekunde kumi na nne. Hakuna mtu aliyewahi kuupanda kwa muda huo, mwanamume wala mwanamke, na gari lenyewe ni la gia ya mkono, umri wake unakaribia wa dereva.

Atakayesoma hapa na hajui, ajue: barabara ya mlimani hufungwa Jumapili, magari ya mbio yanapanda moja moja, na saa ndiyo inayoamua. Kona kumi na saba. Gia zinabadilishwa mara ishirini na mbili toka chini mpaka juu. Nimezihesabu kwa masikio, maana mimi hukaa kona ya tano na saa yangu ya kupimia shingoni, na sauti ya mlima wote hunifikia. Nina haki ya kukaa hapo. Viti vyote vya gereji ile nimevishona mimi, na hata ile ngozi iliyovishwa mti wa gia, laini kama shavu, ni mkono wangu.

Aliyemfundisha ni baba yake. Mume wangu kaendesha lori miaka arobaini. Mtoto alipofika miaka minane alimkalisha kwenye kigoda jikoni, kopo tupu la mafuta limelazwa chini ya mguu wa kushoto ndiyo klachi, mwiko wangu mkononi ndio gia. "Mguu wa kushoto uamke," anasema mzee. Mtoto anakanyaga kopo, linabonyea, anasogeza mwiko, anaachia kopo polepole. Mboga yangu inaungua nikisubiri mwiko. Tangu siku hizo, kabla hajaondoa gari la mbio, mmoja wetu lazima aingize kichwa dirishani amwambie: mguu wa kushoto uamke. Leo nilisema mimi. Kwa hiyo katika muda ule na mimi nimo.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Viti vinne vya lori, ngozi nyeusi. Sindano moja imevunjika.

Ijumaa, 7 Machi

Jirani wa nyumba ya mkabala, mwalimu wa shule ya msingi, ameniletea kiti cha gari lake kilichochanika. Ni kale kagari kadogo ka otomatiki, pedali mbili, unaweka mahali pa kwenda kanakwenda.

Nikamwambia, "Mwalimu, gari lako linakuendesha wewe. Mwanangu analiendesha lake."

"Mama Dereva, mimi nataka kufika tu," akasema.

"Hata mzigo hufika."

Alicheka, lakini kicheko cha kuazima. Kiti nimemshonea vizuri, mshono maradufu.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Nimewaambia wateja watatu habari ya mbili na kumi na nne. Wawili walikuwa wameshaisikia kwangu.

Jumapili, 16 Machi

Nimelisikia kabla ya mtu yeyote. Akitoka kona ya saba, pale anapoingia gia ya tatu, pakasikika sauti kama sufuria linaloburutwa sakafuni. Kisha kimya kidogo, kisha injini ikapanda tena, lakini ya pili kwenda ya nne, imeruka ya tatu. Amemaliza mlima mzima hivyo, anaruka gia moja kama mtu anayepanda ngazi yenye kipandio kibovu. Mbili na thelathini na moja. Mwingine angeegesha.

Mzee alikuwa amesimama pembeni yangu chini ya mwavuli, mguu wake wa kushoto unakanyaga tope kila gia inapobadilika. Yeye huwa hajui kwamba anafanya hivyo. "Umemsikia?" akaniambia. "Umeusikia mguu wa mwanangu?" Mtoto akifanya vizuri huwa wake peke yake.

Jumatano, 19 Machi

Bosi wa gereji ametuita sote watatu. Ni mtu wa maneno machache, na machache hayo huyasema akiwa anafuta mikono. Giaboksi la gari la zamani limekwisha. Chuma cha ndani hakitengenezwi tena popote, amekitafuta mwaka mzima. Kisha akafungua mlango wa nyuma.

Gari jipya ni zuri, siwezi kusema uongo ndani ya daftari langu mwenyewe. Limeinama mbele kama paka anayetaka kuruka. Lakini nilipochungulia ndani, pedali mbili. Katikati ya viti, pale unaposimama mti wa gia, pana kitufe. Nyuma ya usukani pana vipande viwili kama masikio, cha kulia cha kupandisha gia, cha kushoto cha kushusha.

Mzee alizunguka mara moja, mikono mgongoni. "Hili ni friji," akasema. "Friji lenye magurudumu."

"Friji hili linabadilisha gia kabla hujapepesa jicho, Mzee," akasema fundi wa kompyuta, binti mmoja ambaye wote humwita Kebo kwa sababu hazikosekani waya shingoni mwake.

"Na mwanangu atafanya nini humo ndani? Atasoma gazeti?"

Mwanangu alikuwa ameweka mkono juu ya bodi la lile la zamani, kama unavyomshika ng'ombe mgonjwa.

Alhamisi, 20 Machi

Mzee hasemi. Chai ameinywa, lakini hasemi.

Jumapili, 23 Machi

Leo nitaandika yote.

Yalikuwa mazoezi tu, barabara imelowa, manyunyu. Mzee amebaki nyumbani, amesema hatoki kwenda kutazama friji. Kwa hiyo kazi ya dirishani ikawa yangu. Mwanangu amekaa, helmeti kichwani, ananitazama kwa yale macho yake ya utotoni. Nikaingiza kichwa nikamwambia kama ninavyomwambia siku zote: "Mguu wa kushoto uamke."

Kisha nikapanda kona ya tano kwa pikipiki ya gereji.

Nikalisikia linakuja. Kweli gia hazikuwa na pengo. Lile la zamani huvuta pumzi kila gia ikibadilika. Hili halipumui, ni mfululizo kama cherehani ikiwa kwenye kitambaa chepesi. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nimeanza kutabasamu, nasema moyoni, ngoja mzee asikie haya. Kona ya nne akatoka kasi, sasa ni ile sehemu iliyonyooka kuja kwangu, injini imepanda juu kabisa, pale ambapo miaka yote hukanyaga klachi na kuvuta ya nne.

Gari likapiga magoti. Sijui nilisemeje vingine. Pua ikazama, nyuma ikanyanyuka, likazunguka mara moja na nusu barabarani bila sauti yoyote ila ya maji, na ubavu ukaenda kugonga ukingo wa zege. Madigadi la kushoto likabonyea kama kopo.

Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka nipo mlangoni na viatu vimejaa maji. Mzima, hana hata mchubuko. Amekaa mikono juu ya usukani anatazama chini.

"Mama," akasema, "nimekanyaga klachi."

"Klachi haipo, mwanangu."

"Najua haipo. Mguu haujui."

Pedali ya breki ya gari hili ni pana, inafika mpaka mahali ambapo klachi ilikuwa. Mguu wake wa kushoto, uliofundishwa kwa kopo la mafuta toka umri wa miaka minane, uliamka ukafanya kazi yake kwa nguvu zake zote. Na aliyeuamsha ni nani? Hilo sijamwambia mtu. Nimeliandika hapa.

Jumatatu, 24 Machi

Bosi ameongea, huku anafuta mikono. Jumapili ya tarehe kumi na tatu Aprili ndiyo mbio ya mwisho kabla msimu haujafungwa. Mwanangu atapanda na gari jipya. Asiposhuka chini ya mbili na kumi na nne, chini ya muda wake mwenyewe, kiti kitakwenda kwa Msafi. Msafi ni kijana mwingine wa timu. Tumempa jina hilo kwa sababu ovaroli lake halijawahi kushika doa. Amezaliwa na otomatiki, mguu wake wa kushoto haujawahi kuajiriwa.

Msafi mwenyewe alikuwepo. Nilimtazama kwa jicho la pembeni mpaka akaondoka.

Jumanne, 25 Machi

Jirani Mwalimu amekuja kuchukua kiti. Habari zimemfika.

"Kumbe na Dereva wetu siku hizi anaendesha kama mimi," akasema. Hakusema kwa ubaya, lakini alisema taratibu, akilionja neno.

Nilimeza. Halafu nikafanya jambo ambalo sikulitegemea, nikamuuliza. "Mwalimu, mguu wako wa kushoto unauweka wapi?"

Akakaa. Akaniambia kwamba na yeye alijifunzia gari la klachi, na mwezi wa kwanza wa otomatiki alikanyaga breki mara tatu kwa mguu ule. Mara ya tatu mume wake aligonga paji la uso kwenye kioo. "Uvimbe huu," akaonyesha kwa ngumi. "Usiuambie mguu utulie, hautasikia. Upe mahali pa kukaa. Mimi nauficha nyuma, chini ya kiti. Nimeusahau huko miaka tisa."

Nimemuongezea mto wa mgongo, sikumwambia kwa nini. Mwanamke mwenye akili sana, nimelisema hilo siku zote.

Alhamisi, 27 Machi

Nimekwenda gereji kupima ngozi ya mlango ulioharibika. Kebo alikuwa chini ya gari. Nilidhani binti huyu ananidharau kwa sababu huongea huku anatazama kompyuta yake. Kumbe anaona aibu tu. Nikamuuliza hili friji linabadilishaje gia bila klachi.

"Nani kasema halina klachi, Mama? Linazo mbili."

Nikamwambia arudie.

"Mbili. Moja imeshika gia ya kwanza, ya tatu, ya tano. Nyingine ya pili, ya nne, ya sita. Ukiwa kwenye ya tatu, ya nne imeshaingia, inangoja. Kubadilisha ni moja kuachia na nyingine kushika, kwa wakati mmoja. Ndiyo maana hakuna pengo."

Nilicheka mpaka akatoka chini ya gari kuona kulikoni. Mimi nikishona kiti cha rangi mbili huwa na sindano mbili. Hii ya uzi mweusi ikiwa kwenye ngozi, ya uzi mwekundu imeshatungwa, nimeichomeka hapa kifuani, inangoja. Nikifika mwisho naachia hii nashika ile. Wanafunzi wangu wanaotunga uzi upya kila mara wanamaliza jioni, mimi nimemaliza mchana. Miaka thelathini nashona kwa giaboksi la gari la mbio na hakuna aliyeniambia.

"Na anayesema sasa badilisha ni nani, gari au dereva?"

"Akiliacha, linachagua lenyewe. Binti yako haliachi. Anabofya yeye."

Nilijua tu.

Ijumaa, 28 Machi

Nimeshona mkanda wa kuufunga mguu wa kushoto. Kebo ameukataa kabla sijamaliza kuuonyesha. "Likiwaka moto atatokaje?" Ana haki. Nimeukata vipande.

Jumapili, 30 Machi

Mazoezi. Mbili na kumi na tisa. Hakugonga, lakini mara mbili nimeona taa za breki zikiwaka pasipo na kona.

Baadaye tulikaa ndani ya gari, yeye na mimi, mvua inagonga juu ya bati. Nikamwambia habari ya maneno yangu ya dirishani. Nilikuwa nimejiandaa kulia.

"Mama, nilikusikia," akasema. "Mimi nikakaa kimya, mguu ndio ukakuitikia." Na akacheka, na mimi nikacheka.

Nikamuuliza kama analichukia gari hili. Alifikiri. Mwanangu hasemi neno kabla ya kulipima.

"Lile la zamani lilikuwa linaniuliza. Kila kona, unataka ya pili au ya tatu, una hakika? Nikikosea linaninunia. Nililipenda kwa hilo. Hili linanijibu kabla sijamaliza swali. Macho yangu yote yanabaki barabarani, Mama. Naona kona ambazo miaka yote nilikuwa nazipita bila kuziona. Ila mguu umekosa kazi, na mimi sijui kukaa na mtu asiye na kazi."

Jumanne, 1 Aprili

Asubuhi yote nilikuwa ndani ya gari la zamani. Bosi aliniambia, "Fanya unavyojua." Nimefumua ile ngozi ya mti wa gia, mshono mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa na alama ya kiganja chake, imeng'aa upande mmoja.

Nimeishona upya kuwa pedi ya mguu. Upande wa kushoto kabisa wa sakafu ya gari jipya kuna kibao cha chuma, kitupu, kinateleza. Nimekivika ngozi ile juu ya sponji ngumu, na kwenye ukingo nimepandisha mshono mnene kama kidole, ili kisigino kikifika hapo kijue kimefika nyumbani. Hakuna mkanda wala kifungo. Mguu ukitaka kutoka unatoka.

Kebo ameivutavuta kwa mikono miwili. Haikusogea. "Mama, hii ingetengenezwa kiwandani isingekuwa hivi," akasema. Niliandika neno hilo kwenye kiganja ili nisilisahau njiani.

Jumatano, 2 Aprili

Wakati wa chai nimemwambia mzee, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba lile friji lina klachi mbili.

Akaweka kikombe. "Ngapi?"

"Mbili."

"Friji lina klachi mbili?"

"Lori lako lilikuwa na ngapi?"

Alitoka kibarazani. Baada ya muda nikamsikia anauliza, bila kugeuka, "Zinashikana vipi?" Nikachukua sindano zangu mbili nikaenda kumwonyesha. Alitazama kwa makini sana. Mwisho akasema bado ni friji.

Jumapili, 6 Aprili

Mazoezi. Mbili na kumi na tano. Taa za breki hazikuwaka ovyo hata mara moja. Sekunde moja inadaiwa, na nyingine ya kulipita deni.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Mvua. Mvua.

Jumamosi, 12 Aprili

Mzee anasema goti linamuuma, kesho hawezi kusimama mlimani. Ni goti la kulia. Jana alikuwa juu ya paa anaziba mahali panapovuja.

Jumapili, 13 Aprili

Nilipoamka upande wake wa kitanda ulikuwa umetandikwa. Viatu vyake havipo.

Mvua ilikatika saa tatu. Mwanangu alikuwa wa tisa katika orodha, na kila gari lililopanda mbele yake lilikausha barabara kidogo. Msafi alishuka mlimani kwa miguu, alikuwa ameenda kuitazama njia. Ovaroli lake lilikuwa na tope mpaka magotini, mara ya kwanza kuona. Akaja moja kwa moja kwa mwanangu.

"Dada, kona ya kumi na moja kuna maji yanavuka kwa ndani. Chukua nje. Kwingine kumekauka."

Nilimwambia ahsante, mwanangu. Neno hilo lilitoka lenyewe. Kiti kile angekipata kwa kunyamaza tu.

Nikawa najipanga kwenda dirishani, sijui niseme nini. Maneno ya zamani nayaogopa, mapya sina. Nikamuona mtu ameshatangulia. Mzee. Kofia yake ya safari kichwani, mkono mmoja juu ya paa la gari. Sijui alifikaje, kutoka nyumbani ni mwendo wa saa nzima kwa miguu, na lile goti.

Aliingiza kichwa dirishani. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida. Nilisogea, nikaona anatazama chini, pale kwenye pedi. Ile ngozi aliijua. Yeye ndiye aliyenisaidia kuivuta siku niliposhona mara ya kwanza.

Kisha nikamsikia, sauti ile ile ya jikoni: "Mguu wa kushoto upumzike, mwanangu. Umefanya kazi ya kutosha."

Nilipanda kona ya tano na saa yangu, na mzee nyuma yangu. Tulikaa juu ya jiwe. Gari likaondoka.

Kona ya kwanza. Ya pili. Gia zinapanda bila pengo, uzi mweusi, uzi mwekundu, uzi mweusi. Alipotoka kona ya nne na kuingia ile sehemu iliyonyooka, nilikaza meno mpaka taya likauma. Injini ikafika juu kabisa. Ya nne ikaingia kama jicho linavyopepesa. Likapita mbele yetu na upepo wake ukanivua kitambaa cha kichwa, na taa za breki ziliwaka pale pale zinapotakiwa kuwaka, sio kabla. Nikahesabu gia kwa masikio mpaka juu. Kona ya kumi na moja, kwa sauti tu nilijua amechukua nje. Ishirini na mbili, zote zipo, na zote kazibofya yeye.

Nilitazama saa yangu. Nikaitazama tena. Nikampa mzee aitazame, maana macho yangu yalikuwa na maji.

"Mbili na kumi na mbili," akasoma.

Saa ya waamuzi ikasema mbili na kumi na mbili na nusu. Nusu hiyo nawaachia.

Huko chini watu walikuwa wamemzunguka. Bosi alimwambia neno moja, "Chako," akaendelea kufuta mikono, mikono ambayo leo haikuwa na grisi hata chembe. Kebo alikuwa analia juu ya kompyuta yake. Mwanangu alimshika Msafi mkono, wakaongea habari za kona ya kumi na moja kama wazee wawili.

Mimi nilimtafuta mume wangu. Alikuwa ndani ya gari. Amekaa kiti cha dereva, amefunga mlango, mikono juu ya usukani, injini imezimwa. Nilipita taratibu nikachungulia kwa upande. Wakati mwanangu anapanda sikuwa na nafasi ya kuutazama mguu wa mzee, kama ulikuwa unakanyaga tope au la. Sasa niliuona. Ulikuwa juu ya pedi, kisigino kimeegemea mshono wangu. Mguu wa lori wa miaka arobaini, na haukusogea.

Sikumgongea kioo.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua kutwa. Nimeanza viti vya basi dogo, kumi na vinne, kahawia. Mzee ameuliza, kama mtu anayetaja hali ya hewa, friji huwa linaoshwa siku gani, akawasaidie.